Kompyuta Yetu Ilivyohamia Marekani

Ndoto hii niliiota jana mchana, saa tisa kasoro, saa ambayo watu wenye shughuli zao huwa kwenye shughuli zao. Mimi nilikuwa nimelaza shavu juu ya meza ya kompyuta sebuleni kwa Mama, mkono mmoja juu ya mausi, nikingoja busara inijie. Badala ya busara ukaja usingizi.

Siwezi kuisimulia bila kusema kwanza mambo yaliyonilaza, maana ndoto yenyewe haikuongeza mengi. Mambo ya ajabu yalikuwa yamekwisha kufanywa na watu wazima, wakiwa macho, tena wakiwa wamevaa miwani.

Marehemu baba yangu, Mzee Kupaza, alikuwa mtafuta vinyonga. Ni kazi kweli. Wataalamu kutoka ng'ambo walikuwa wakipanda hadi kijijini kwetu Usambara wakiulizia "Kupaza yuko wapi?", na Baba anawaingiza msituni, anawaonyesha vinyonga ambao wao wamewapita mara tatu wakiwa na darubini. Mwaka tisini na sita wakaja Wamarekani na kamera, wakapiga filamu, wakaondoka. Baba alituambia yumo kwa sekunde arobaini. Hakuwahi kuiona hiyo filamu, kwa sababu kila mgeni aliahidi kuituma na kila mgeni alisahau kwa adabu sana.

Baba alifariki mwezi uliopita. Daktari mmoja wa kike wa huko, aliyekuwa amemzoea, alipata habari za msiba akatuma bahasha. Ndani mlikuwa na DVD ya dukani, bado ina nailoni yake, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Kupaza, dakika ya thelathini na moja.

Sisi hatukuwa watu wa kurekodiana. Simu ya Baba ilikuwa ya tochi. Alipozikwa, sauti yake ilikwenda naye yote, haikubaki hata "halo" moja. Kwa hiyo Mama alipoiona ile DVD alisema jambo moja tu, na alilisema mara moja: "Nataka kumsikia kabla ya arobaini. Nikishamsikia, nitaweza kuwapokea wageni." Arobaini yenyewe ni leo. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Fundi wa ukoo ni mimi. Nilipata cheo hicho baada ya kubadilisha wino wa printa katika ofisi ya ushirika wa mboga ninakofanya kazi, jambo ambalo Mama alilisimulia kijiji kizima. Nikaiweka DVD ndani. Kompyuta ikaunguruma, ikafikiri, ikaandika kwa Kiingereza kwamba diski hii ni ya kanda nyingine.

Wenye filamu, ili msiojua mjue, waliigawa dunia katika kanda sita. Diski ya kanda moja haichezi kwenye mashine ya kanda nyingine. Marekani ni kanda namba moja. Sisi ni namba tano, pamoja na Urusi, India, Mongolia na Korea Kaskazini. Aliyetupanga hivyo nadhani alikuwa anawahi chakula cha mchana. Kompyuta inakuruhusu kubadilisha kanda. Inakupa orodha ya nchi, unachagua moja, unabonyeza sawa. Lakini ni mara tano tu. Ukiimaliza ya tano, mashine inabaki hapo hapo maisha yake yote, hata uilambe miguu.

Mtu yeyote angechagua Marekani, akamaliza kazi, akanywa chai. Lakini kwenye nyumba ya msiba hakuna mtu yeyote. Kuna wakubwa.

Mkubwa wa kwanza ni Baba Mkubwa Singano, kaka yake Baba. Kompyuta ilipouliza nchi, alivaa miwani, akaisoma orodha yote kuanzia juu, kisha akaniuliza, "Hapa tuko wapi?"

"Tanzania, Baba Mkubwa."

"Basi andika Tanzania. Hatuwezi kudanganya kwenye fomu, marehemu hata arobaini hajatimiza."

Nikaandika Tanzania. Hiyo ikawa mara ya kwanza. Diski ikakataa.

Kwa kuwa kaka amechagua, dada naye lazima achague. Kumruka ni kumtukana. Shangazi Mwantumu akachagua Omani, kwa sababu binti yake ameolewa huko na hajawahi kuonewa. Mara ya pili. Baba Mdogo Mhina akasema mashine imetengenezwa China, hivyo ni ustaarabu kuiandikia kwao. Mara ya tatu. Baba Mkubwa Singano aliporudi kutoka kuswali akaikuta kompyuta iko China, akahamaki, akaamuru irudishwe nyumbani haraka. Mara ya nne.

Zoezi hilo lilichukua siku nne, siku moja kwa kila uamuzi, maana hakuna mkubwa anayeamua jambo kwa pupa. Katikati yake diski ilifutwa kwa kanga, ikapulizwa, ikasomewa dua. Binamu yangu wa Dar alipiga simu akasema nipakue programu fulani isiyojali kanda. Nilianza kuipakua Jumanne. Mpaka jana ilikuwa imefika asilimia sita.

Kila mtu nyumbani alijua kwamba diski imetoka Marekani. Stempu zilikuwa kwenye bahasha, zina tai. Lakini Baba Mkubwa alishasema kuandika Marekani ni uongo, na nani angemwambia mkubwa kwamba uongo huo ndio ufunguo?

"Imebaki mara moja," nilimwambia jana.

"Vizuri. Asiiguse mtu. Tuko Tanzania na tutakaa Tanzania." Akavaa kofia yake, akaenda kusimamia mbuzi wa arobaini. Mama aliyasikia hayo akiwa mlangoni na beseni la unga. Akarudi jikoni. Mimi nikalaza shavu, orodha ya nchi ikiwa bado imefunguka kwenye kioo.

Trei ya kompyuta inafunguka yenyewe. Mahali pa kuwekea diski ameketi afisa wa uhamiaji. Kimo chake ni cha kikombe cha chai, sare yake imepigwa pasi ikakubali, na mkononi ana muhuri mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Jina?" ananiuliza bila kuniangalia.

"Mbaruku Kupaza."

"Uko kanda gani?"

"Niko sebuleni."

"Sebule ni kanda namba tano." Anaandika. "Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba ni kanda namba nne. Ulivuka kwa kibali gani?"

"Nilikuwa na taulo."

"Taulo halitambuliki," anasema afisa, na anaandika hilo pia, kwa wino mwekundu.

Ninageuka kutafuta msaada. Mama yuko mlangoni mwa jikoni, ananiita. Naona midomo yake inasema Mbaruku, lakini hakuna sauti inayonifikia. Katikati ya paji la uso wake yanatokea maandishi, madogo, meupe, yamenyooka: Mama huyu hachezi katika kanda hii.

"Jikoni ni namba tatu," anaeleza afisa kabla sijauliza. "Anaweza kupika. Kusikika, hapana."

Niliumia, sitaficha. Mambo mengine ya ndoto nilikuwa nayachukulia kama yalivyo, lakini hilo la Mama kufungwa mdomo na maandishi liliniuma.

Mlango unabishwa hodi. Wanaingia watu kumi na mmoja ambao siwajui, wamevua viatu, wana nyuso za msiba. Wa mbele ni Mmongolia.

"Poleni sana," anasema kwa Kiswahili kizuri. "Sisi ni ndugu zenu wa kanda ya tano. Tumekuja kwenye arobaini. Farasi nimfunge wapi?"

"Mfunge kwenye mpera," namwambia, maana mgeni wa msiba haulizwi undugu umepitia wapi.

Wanakaa kwenye mkeka. Mrusi analia kwa sauti kuliko ndugu wote waliomjua marehemu. Mama mmoja wa Kihindi anauliza kama kuna mtu ameshaosha mchele. Wawili kutoka Korea Kaskazini wamekaa wima, hawaegemei ukuta, na kila baada ya muda wanatikisa kichwa kwa pamoja. Nawauliza kama kuna yeyote kati yao anayejua jinsi ya kuichezesha diski ya kanda namba moja.

"Sisi?" anasema Mrusi, na anafuta machozi. "Sisi tumekuja tukitumaini wewe unajua."

Basi undugu ukathibitika. Huo ndio msaada wa kindugu hasa, sikuwa na shaka tena kwamba ni watu wetu.

Diski inatoka yenyewe kwenye kasha lake, inasimama kwa ukingo juu ya meza, inajitikisa vumbi. Kiswahili chake ni cha mtu aliyekaa Ulaya wiki mbili akarudi amesahau jina la ugali.

"Samahani," inasema, "mimi huwa sichezi sehemu kama hizi."

"Sehemu kama zipi?"

"Ambako nafutwa kwa kanga." Inageuka kunionyesha mgongo. "Ona huu mkwaruzo. Ni shangazi yako. Alinifuta kwa kuzunguka. Mimi hufutwa kutoka katikati kwenda nje, kila mtu aliyestaarabika anajua."

"Baba yangu yumo ndani yako," nasema.

"Dakika ya thelathini na moja. Mzee mzuri, msafi, hasumbui. Lakini yuko kanda namba moja na ninyi mko hapa. Sheria sikuitunga mimi, mimi ni plastiki."

"Basi tupeleke huko."

Diski inacheka. Afisa naye anacheka, kwa kuwa kazini lazima umuunge mkono mwenzako. Kisha anafungua daftari.

"Trei hii ina haki ya safari tano," anasoma. "Ya kwanza, Tanzania, ilhali mlikuwa tayari Tanzania. Ya pili, Omani, kumsalimia binti aliyeolewa. Ya tatu, China, kwa ajili ya ustaarabu. Ya nne, kurudi kutoka China kwa hasira." Ananitazama kwa mara ya kwanza. "Nimefanya kazi hii kwenye nyumba nyingi. Watu hutumia safari kwa ujinga. Ninyi mmetumia kwa heshima, sijawahi kuona. Imebaki moja. Ikienda, hairudi. Na ili iende, kibali cha mkubwa wa nyumba."

Ninainua macho na sebule imekuwa barabara. Ni barabara ya lami, ndefu, haina gari. Wale ndugu wa kanda ya tano wamebaki pembeni kwenye mkeka wao, Mhindi ameshaanza kuosha mchele. Mbele yangu barabara imefungwa kwa kizuizi kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kizuizi hicho ni Baba Mkubwa Singano. Amelala ubavu hewani juu ya mapipa mawili, amenyooka, kofia kichwani, miwani usoni, mkono wa kulia umetangulia mbele ukiwa ndiyo ncha.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Hupiti."

"Naomba kuuliza tu."

"Uliza. Hupiti."

"Mama anataka kumsikia Baba kabla ya arobaini."

"Na mimi nataka tuifikie arobaini bila kuwa waongo." Anarekebisha miwani kwa bega. "Wewe ni Mmarekani?"

"Hapana."

"Mama yako je?"

"Hapana."

"Kupaza alikuwa Mmarekani?"

"Tanga mjini penyewe alifika mara mbili."

"Sasa kwenye fomu ya watu unataka kuandika nini?"

Hapo nilichoka. Nimekuwa mtoto mzuri kwa miaka mingi, nimeamkia watu hadi goti likapata sugu, na nilihisi uzuri huo ukiniisha mwilini kama mafuta kwenye taa.

"Baba Mkubwa," nikasema, "siku nne mnaiona ile bahasha. Stempu mmeziona. Shangazi kaziona, Baba Mdogo kaziona, hata wewe ulibandua moja ukaiweka kwenye kofia. Mnajua diski inatoka wapi. Mama amekaa jikoni siku nne anawakaangia maandazi huku ninyi mnachagua nchi. Hajawauliza kitu. Anawangoja. Mtamngojesha mpaka lini?"

Kizuizi kinapumua. Rangi nyekundu inapanda na kushuka.

"Mbaruku," anasema hatimaye, na sauti yake siyo ile ya kuamuru. "Yule ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni akiwa mtoto na nilimwosha kwa mkono huu akiwa maiti. Siku thelathini na tisa nimekaa najifunza kwamba hasemi tena. Nimeanza kuzoea. Sasa wewe unataka aseme. Akisema, mimi nitakwenda wapi?"

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa wakati mmoja, na kwenye ndoto kama hii mtu hapewi nafasi ya kuchagua kimoja.

"Utakaa na sisi," nikamwambia. "Kuna mkeka."

Anafikiri. Anaangalia mkeka, anamwona Mrusi, anaona bado kuna nafasi upande wa ukutani.

"Huu mkono umechoka," anasema. Na polepole, kwa mlio wa chuma kisichotiwa mafuta, anauinua. "Nauinua kwa sababu umechoka. Usije ukasema kwa watu kwamba nilikuruhusu."

"Sitasema, Baba Mkubwa."

Afisa anakimbia kwenye barabara na muhuri wake kichwani. Anauangusha kwa nguvu zake zote, na unaangukia kidole changu cha shahada.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Marekani. Nilikuwa nimevaa koti zito la Baba la wakati wa kipupwe, na kichwani nilishapanga sentensi mbili za Kiingereza, moja ya salamu na moja ya kujitetea. Nikavuka. Nikafungua macho nikaona mgunga, ukungu, na njia nyembamba yenye mawe matatu yanayofuatana.

Ni msitu wetu. Ni ule ule wa juu ya kijiji, mwendo wa saa moja kutoka jikoni kwa Mama, kwa mguu, ukiwa na mzigo. Filamu ilipigiwa huku. Kumbe nilikuwa nimeombewa kibali, nimepigwa muhuri, na nimepitia Omani na China, ili nifike mahali ambapo mimi hukata kuni.

"Hii ndiyo Marekani?" namuuliza mti.

"Tangu mwaka tisini na sita," unajibu mti. "Sisi wenyewe hatukuulizwa."

Na hapo Baba anatokea nyuma ya mgunga. Ana nywele. Ana meno yote na shati la kijani ambalo baadaye lilikuwa la kupigia deki. Anafuta mkono kwenye shati, anainua kidole, na kwenye kidole kuna kinyonga. Anaanza kusema. Nilitaka kulia, lakini machozi yalikuwa yamebaki kanda nyingine.

Anaanza kusema, na mimi simsikii. Juu ya mabega yake ameketi Msimulizi. Hana kichwa wala miguu. Ni sauti tu ya Kiingereza, nzito, inayojiamini, na imemkalia Baba kama mtu aliyekalia kiti chake mwenyewe.

"Shuka," namwambia.

"Siwezi. Nimewekwa hapa kumfafanua."

"Anasema nini?"

"Anasema," Msimulizi anakohoa kidogo kujiandaa, "babu zetu walimwogopa kinyonga, kwa maana jicho lake moja latazama jana na jingine kesho."

Hicho si Kiswahili cha baba yangu na wala si mawazo yake. Nasogea, nainama, naingiza sikio langu chini ya ile sauti, mahali ilipobaki nafasi ndogo. Namsikia Baba kwa mbali sana, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Anasema: "Mwambieni huyo wa kamera asikanyage maharage ya Mama Mbaruku. Akiyakanyaga, atakayesemwa ni mimi, yeye atapanda gari aondoke."

"Hajasema babu zetu," nasema. "Amesema maharage."

"Watazamaji hawakuja kuangalia maharage."

Sekunde arobaini zinakwisha. Baba anafifia, kinyonga anafifia, kisha Baba anatokea tena nyuma ya mgunga, anafuta mkono kwenye shati, anainua kidole. Msimulizi anapanda tena mabegani. Jicho latazama jana, jicho latazama kesho. Mara ya tatu. Mara ya nne. Nasimama nyuma ya kamera, karibu kabisa na Baba, hatua tano tu, na kila mara anatazama mahali nilipo bila kuniona.

"Usihangaike," ananiambia Msimulizi kwa upole wa mtu wa ofisini. "Aliye nje ya picha hasikiki. Ni sheria."

Nikamfikiria Mama na yale maandishi kwenye paji la uso. Nikamfikiria kesho yake, akipokea wageni mia mbili na kuwaambia karibuni, huku alichokitaka hakukipata, na mtoto wake fundi amekaa hapo pembeni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

Nikasubiri. Baba akatokea, akafuta mkono, akainua kidole. Msimulizi akamaliza ya babu zetu, na kabla hajaanza ya jicho la kwanza akavuta pumzi. Hata sauti isiyo na mwili lazima ivute pumzi mahali fulani. Nikaingia hapo hapo katikati, nikaita kwa kifua changu chote:

"Baba!"

Kinyonga ndiye aliyegeuza jicho kwanza. Kisha nikaona mshipa wa shingo ya Baba unavutika, kichwa kinaanza kugeuka upande wangu.

Nikaamka.

Shavu langu lilikuwa limegandia meza. Chai ilikuwa imepoa, imetengeneza ngozi. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimelala juu ya kitufe cha mausi, kimekufa ganzi, na kwenye kioo palikuwa na picha ya miti.

Mama alikuwa ameketi kwenye stuli pembeni yangu, unga mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Imeanza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nimesikia muziki, nimekuja nimeikuta inacheza. Wewe unakoroma." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Kaa kimya. Nahesabu dakika."

Nilipunguza dirisha la filamu kidogo nikaona kile kisanduku cha kanda. Kilikuwa kimeandikwa Marekani, na chini yake kwamba safari zilizobaki ni sifuri. Kompyuta yetu ilikuwa imepata ukaazi wa kudumu bila hata kucheza bahati nasibu ya viza, ya kwanza katika ukoo mzima. Nikairudisha filamu ikajaa kioo.

Baba Mkubwa Singano alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alirudi saa ngapi. Kofia alikuwa ameishika mkononi, na niliposubiri aulize nani ameandika uongo, hakuuliza. Alikuwa anajikanda bega la kulia.

Dakika ya thelathini na moja, Baba akatokea nyuma ya mgunga. Mama alitoa sauti ndogo, kisha akajizuia. Baba akafuta mkono kwenye shati, akainua kidole, akafungua mdomo, na sauti nzito ya Kiingereza ikamfunika.

Mama akasogeza sikio kwenye spika. "Huyu anayeongea nani?"

"Ni Mzungu, Mama. Anamfafanua."

"Anamfafanua nini? Aniachie mume wangu aongee."

Sekunde zikaenda. Midomo ya Baba ilikuwa inacheza, na Mama alikuwa anaisoma, midomo yake mwenyewe inacheza pamoja nayo. Nikaona mikono yake inaanza kukunja kanga. Nilijua itakwisha hivyo hivyo, na sikuwa na la kufanya.

Msimulizi akavuta pumzi. Katika nafasi hiyo, kutoka upande usioonekana, nyuma ya kamera, mtu akaita: "Baba!"

Baba akageuka. Uso wake wote ukafunguka, ule uso aliokuwa nao mtu akifika kutoka safari.

"Naam, mwanangu!" akasema. "Nakuja!"

Ilikuwa ni yeye, na mkwaruzo wa sauti yake, na ile "naam" yake ya kuvuta. Kisha ikaja picha ya mto, na Mzungu akaendelea na mambo yake.

Baba Mkubwa alishuka polepole, mgongo ukiegemea mlango, mpaka akakaa kwenye mkeka, upande wa ukutani. Akajifunika uso kwa kofia.

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama na yanachora njia kwenye unga, naye hakuyafuta.

"Siku ile walipopiga hiyo picha," akasema mwishowe, "wewe ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa na surua. Nilikufungia ndani wiki nzima."

"Ndiyo, Mama."

"Na Kupaza hakuwa na mtoto mwingine."

"Ndiyo."

"Na huyo aliyeita ni mtu mzima."

Akageuka akanitazama, akaliangalia shavu langu lenye alama ya meza, akakitazama kidole changu. Kisha akaisukuma mausi kuja upande wangu.

"Rudisha nyuma," akasema. "Mwite tena."